Ukienda Saadani, uliza maji kwanza

Mtu wa Moshi akisema anakwenda hifadhini, mawazo yake hukimbilia Serengeti, Tarangire au Manyara: geti alfajiri, gari, simba, kisha chakula chini ya mti. Saadani haiendi hivyo. Hifadhi hii ya takribani kilomita za mraba 1,100, iliyopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, inapakana na Bahari ya Hindi, na ratiba ya siku hupangwa na maji. Kwa hiyo wanaofika ofisini kwetu kuomba ushauri tunawauliza: tarehe zenu ni za bamvua au za maji mafu?

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti na maji mafu ambayo hujaa na kupwa kidogo, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne asubuhi hivi, kisha muda husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Nahodha akikwambia mng'oe nanga saa mbili, mtii.

Fungu la Maziwe, mbele ya Pangani kaskazini mwa Saadani, litakuonyesha sababu. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, kikafanywa hifadhi tengefu ya bahari mwaka 1975. Miti ilitoweka, mchanga ukaliwa na mawimbi, na leo maji yakijaa hakuna pa kukanyaga. Kasa bado hupanda kutaga hapo. Mayai yakiachwa hufa maji, hivyo wahifadhi huyafukua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo.

Ndani ya Saadani kasa wa kijani hutaga Madete. Mama huchimba shimo kwa makasia ya nyuma, taratibu, hudondosha mayai mia moja na zaidi, hufukia, hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka usiku na kufuata mwanga hafifu wa upeo wa bahari. Tochi ya simu inatosha kuwageuza waelekee nchi kavu, ambako kaa na ndege huwamaliza. Nakuomba sana: zima taa, usiwashike, usisimame kati yao na maji. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia, mchanga wa moto ukizaa majike, kwa hiyo hata kivuli cha mti wa ufukweni kina kazi.

Mto Wami uendee asubuhi kwa boti. Viboko, mamba, mikoko na ndege utawaona bila haraka.

Sisi wa huku juu tunaihusu bahari hiyo kuliko tunavyodhani. Mto Themi wa Arusha huingia Mto Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani hushuka hadi baharini, jirani na Maziwe. Plastiki iliyotupwa mferejini ina njia ya kufika huko, na kasa huimeza akidhani ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha.

Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Saadani hunasa magari. Juni hadi Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini, huchafua bahari. Oktoba, wakati wa tanga mbili, yaani kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, ndio ninaoupendekeza kwa Maziwe. Kabla ya kupanda boti, hesabu majaketi ya kuokolea maisha. Yakipungua hata moja, usipande.