Keki ya ghorofa nne na hiyo agape yenu

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusini. Keki ilikuwa ya ghorofa nne, na kila ghorofa imechomekwa kibao chake: Eros, Filia, Storge, na juu kabisa, Agape. Mchungaji akasimama pembeni yake kama mwalimu aliyepata ubao mpya. "Wayunani wana mapendo manne! Eros ya wachumba, filia ya marafiki, storge ya jamaa, na agape, upendo wa Mungu mwenyewe. Sisi Waswahili tuna moja tu, lugha yetu ni maskini." Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mimi nafundisha Kiyunani cha Agano Jipya, nikainamia pilau yangu. Nimeshaisikia hotuba hiyo mpaka basi. (Aliyeikata keki alininong'oneza baadaye kwamba ghorofa ya Agape ilikuwa boksi lililopakwa sukari. Nikanyamaza.)

Kwanza huo umaskini. Upendo, pendo, mapenzi, mahaba, huba, ashiki. Nani maskini hapo? Halafu mfikirie mgeni aliyejifunza Kiswahili miezi sita, akarudi kwao kufundisha kwamba "mapenzi" ni ya wachumba na "upendo" ni wa Mungu. Siku atakayomsikia bibi kizee amepiga magoti akisema "mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni", si atatoka mbio? Basi huyo mgeni ndiye sisi kwenye Kiyunani.

Nusu ya keki haina hata andiko. Nomino "eros" haimo kabisa katika Agano Jipya. "Storge" nayo haimo peke yake. Imejificha ndani ya maneno yaliyoungwa na mengine, kama lile la Warumi 12:10. Tunabaki na mawili, agape na filia, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi.

Fungua Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale, 2 Samweli 13. Amnoni anamtamani Tamari, dada yake. Anajifanya mgonjwa, anaomba binti aje ampikie mikate mbele ya macho yake, anambaka, kisha anaamuru afukuzwe na mlango ufungwe kwa komeo. Mstari wa 15 unasema chuki aliyomchukia ilizidi upendo aliokuwa nao kwake. Neno lililotumika hapo kwa "upendo" ni agape. Kitenzi chake kimo pia, agapao, kama kwamba mtafsiri alijua kutakuja keki. Dema alimwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu wa sasa: agapao. Watu walipenda giza kuliko nuru, Yohana 3:19: agapao. Mafarisayo na viti vyao vya mbele, Luka 11:43: agapao. Na Baba anampenda Mwana kwa agapao katika Yohana 3:35, lakini kwa phileo, kitenzi cha filia, katika 5:20. Au upendo wa mbinguni ulipoa kati ya sura ya tatu na ya tano?

Lahaja za Kiyunani nazipitia mbio. Kiattiki cha Athene, Kiioni, Kidori, Kieoli. Kisha majeshi ya Aleksanda, aliyekufa mwaka 323 KK, yakasambaza Kiattiki kilichochanganyika na Kiioni, nacho kikawa Koine, Kiyunani cha wote, ndicho cha Agano Jipya. Mwathene alisema thalatta, Koine ikasema thalassa: bahari ni ile ile. (Jina letu "Kiyunani" lenyewe limetoka Ionia, likapita kwa Waajemi na Waarabu. Lugha nzima tunaiita kwa lahaja moja.) Zamani wasomi wengine walidhani Kiyunani cha Agano Jipya ni lugha ya pekee, ya kitakatifu. Kuanzia mwaka 1895 msomi Mjerumani Adolf Deissmann akawaonyesha maneno yale yale katika karatasi za kale za mafunjo ya Misri: barua za nyumbani, hati za kodi, mambo ya watu wa kawaida.

Na katika Koine hiyo agapao ndicho kitenzi kilichokuwa kinapanda chati, huku phileo kikielekea kwenye busu. Yuda anaposema "nitakayembusu ndiye", Marko 14:44, ni phileo. Leo Mgiriki humwambia mkewe s'agapo, na mtoto wake pia s'agapo. Agape ilienea kwa kuwa ilizoeleka. Haikuvaa joho.

Na wale wanaohubiri kwamba dunamis, neno la Kiyunani la "nguvu", maana yake baruti: Alfred Nobel alikwenda kuazima jina la dinamiti yake kwenye Kiyunani mwaka 1867. Paulo hakuazima kwa Nobel. Tuendelee.

Silaha kubwa ya watu wa keki ni Yohana 21. Yesu anamwuliza Petro "wanipenda?" mara mbili kwa agapao, Petro anajibu kwa phileo, na mara ya tatu Yesu naye anauliza kwa phileo. Mahubiri yanasema Bwana alishuka kwenye kiwango cha Petro. Sawa, ila katika mistari hiyo hiyo wana-kondoo wanageuka kondoo, "lisha" inageuka "chunga", na hata "wajua" ina vitenzi viwili. Mbona hizo hazina keki? Tena mstari wa 17 unasema Petro alihuzunika kwa kuulizwa "mara ya tatu". Kama vitenzi vinatofautiana kiasi hicho, swali la phileo lilikuwa ndiyo kwanza linaulizwa.

Hoja hiyo nimeitembeza darasani miaka mingi: ni mtindo wa Yohana tu, anapenda kubadilisha maneno. Muhula huu binti mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ni mtindo tu, mbona Petro habadilishi phileo yake hata mara moja?"

Nikaangalia saa, nikasema tutaendelea kesho. Kesho yake nikaingia na jaribio la vitenzi.