Kahawa Haituongezei Nguvu: Adenosini na Vipokezi Vyake Ubongoni

Kila mwaka napokea darasa jipya la famakolojia, yaani elimu ya dawa, na karibu wote wanaamini kahawa inaongeza nguvu. Pita Kariakoo jioni, pale watu walipozunguka birika la shaba, kila mmoja na kikombe chake na kipande cha kashata, utasikia hivyo hivyo. Kashata ina sukari, hiyo nguvu ni ya kweli. Kahawa chungu inafanya jambo jingine kabisa: inazuia taarifa ya uchovu isipokelewe. Taarifa hiyo huletwa na adenosini, na katika yote ninayofundisha sijaona mfumo unaonivutia kama huu.

Seli ya ubongo hufanya kazi kwa kutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ambayo ni adenosini iliyobeba fosfati tatu. Fosfati zikikatwa zote, inabaki adenosini tupu. Sehemu yake hutoka ndani ya seli, na sehemu nyingine hutokana na ATP iliyomwagwa nje, ambako vimeng'enya vya kwenye utando, CD39 na CD73, huivunja hatua kwa hatua. Kwa hiyo adenosini haitunzwi kwenye vifuko ikisubiri kuachiliwa, kama ilivyo glutamati au dopamini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Huzaliwa na matumizi yenyewe. Mwaka 1997 Tarja Porkka-Heiskanen na wenzake walipima ubongo wa paka wakaona adenosini ikipanda katika eneo la chini la ubongo wa mbele kadiri mnyama alivyozidi kukaa macho, kisha ikishuka akilala.

Molekuli ni ile ile. Maana yake inategemea kipokezi, yaani protini ya kwenye utando wa seli, kilichoinasa. Vipokezi ni vinne, A1, A2A, A2B na A3, na vyote hufanya kazi kupitia protini G, zinazopeleka taarifa ndani ya seli, zilizo upande wa ndani wa utando. A2B huhitaji adenosini nyingi mno, kama pale tishu inapokosa oksijeni, na A3 ni vichache ubongoni, kwa hiyo naviacha.

A1 vimeenea karibu ubongo mzima, na hutuliza mawasiliano kutoka pande zote mbili za sinapsi, yaani kiungo cha mawasiliano kati ya seli mbili. Kwenye seli inayotuma ujumbe, A1 hupunguza kalsiamu inayoingia kupitia milango yake. Bila kalsiamu ya kutosha, vifuko vya glutamati havifunguki, na ujumbe unatoka hafifu. Kwenye seli inayopokea, A1 hufungua milango ya potasiamu. Potasiamu ikitoka, chaji ya ndani inazidi kuwa hasi na seli inakuwa ngumu kusisimka. Wakati huo huo kiwango cha AMP saikliki, mjumbe wa ndani ya seli, kinashuka. Seli iliyotumia nishati nyingi inapunguziwa kazi na masalia ya nishati hiyo hiyo.

A2A hufanya kinyume: hupandisha AMP saikliki. Vimejaa katika striatumu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na mwendo, juu ya seli zile zile zenye vipokezi vya dopamini vya D2, ambavyo kazi yake ni kuishusha. Tena A2A na D2 hushikana wawili wawili, na adenosini ikinaswa na A2A, D2 inapunguza uwezo wake wa kuishika dopamini. Seli hizo ndizo zinazozuia mwendo. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaovuruga mwendo, ambaye dopamini yake imepungua, A2A inabaki bila mpinzani. Ndiyo sababu dawa ya istradefylline, inayoziba A2A, iliidhinishwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019, itumike pamoja na levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni.

Sasa kafeini, ile kemikali ya kwenye kahawa. Umbo lake linafanana na adenosini kiasi cha kuingia kwenye A1 na A2A, ila ikishaingia haiamshi chochote. Ni kama mtu aliyekaa nafasi ya konda wa daladala asigonge bodi: abiria wanataka kushuka, dereva hana habari, gari linaenda. Kwa kukufanya uwe macho, A2A ndicho kinachohusika. Mwaka 2005 Zhi-Li Huang na wenzake walionyesha kwamba panya wasio na A2A hawakuchangamshwa na kafeini, ilhali wasio na A1 walichangamka kama kawaida.

Adenosini yenyewe haijaondoka. Inaendelea kurundikana, na kafeini ikipungua inakuta vipokezi viko wazi. Hapo ndipo nawahofia sana vijana wetu wa bodaboda na madereva wa malori ya usiku. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini hutoka mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa saa nne usiku, ikifika saa tisa imebaki nusu, na usingizi wote aliouahirisha unamrudia akiwa barabarani. Mvutaji sigara huipoteza haraka zaidi. Mjamzito na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo muda mrefu.

Na hukaa muda mrefu kuliko wote kwa mtoto njiti. Vituo vyake vya upumuaji havijakomaa, na adenosini huvituliza zaidi, mpaka pumzi inakatika kwa vipindi. Kafeini sitreti huziba vipokezi hivyo na mtoto anaendelea kupumua. Kwa kuwa ini lake bado changa, nusu tu ya dozi huchukua takriban siku tatu au nne kutoka, kwa hiyo anapewa mara moja kwa siku.