Je, Wajua kwa Nini Mawimbi ya Bahari Hugeukia Ufukwe?

Msimu wa kusi, upepo katika pwani ya Mtwara na Lindi huvuma kutoka kusini-mashariki. Kaskazi ikiingia, hutoka kaskazini-mashariki. Kama mawimbi yangefuata upepo tu, yangekuwa yanaipiga pwani kwa ubavu, miezi kadhaa kutoka upande huu na miezi mingine kutoka upande ule. Lakini simama kwenye ufukwe wa Msimbati, Mtwara, mwezi wowote uutakao: mistari ya povu inaingia karibu sambamba na ufukwe. Zunguka rasi, uende kwenye ufukwe uliotazama kwingine, nako utayakuta yameukabili ufukwe huo. Nani anayageuza?

Ni kina cha maji. Wimbi lililoko bahari kuu halina habari na sakafu ya bahari. Likifika mahali ambapo kina ni pungufu ya nusu ya urefu wake, yaani nusu ya umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ndipo linapoanza kuihisi sakafu, na mwendo wake unapungua. Hesabu yake kwa maji ya kina kifupi ni nyepesi: zidisha kina kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kina cha mita 10 kinakupa mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde, kina cha mita 2.5 karibu mita 5, na kina cha mita 1 karibu mita 3 tu.

Sasa wimbi likija mshazari, ncha yake moja hutangulia kufika penye maji kidogo. Ncha hiyo inachelewa, nyingine iliyo bado kilindini inazidi kukimbia, na wimbi zima linazunguka. Waangalie kina mama wanaotanda dagaa, wametembea bega kwa bega na nguo yao majini. Wa upande wa mikoko akizama kwenye tope, wa upande wa mchanga anampita, na mstari mzima unageukia topeni bila mtu kutoa amri. Kwa wimbi, upande unaochelewa ndio wa nchi kavu, basi huko ndiko linakogeukia.

Hii pia ni sababu mojawapo ya rasi kupigwa sana kuliko ghuba. Mbele ya rasi kina hupungua mapema, mawimbi yanaikunjia kutoka pande zote mbili na nguvu zake zinakusanyika pale. Ndani ya ghuba mambo ni kinyume, nguvu zinatawanyika. Mitumbwi hailazwi ovyo. Wenye vyombo walilijua hili kabla ya mtu yeyote kuliandikia kanuni.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni anayechukua fizikia hukutana na mawimbi, umeme na mwanga katika kozi moja, na wengi huona ni mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja ili kubana ratiba. Ukishaelewa wimbi la Msimbati, uko karibu kuona kwa nini yamekaa pamoja.

Anzia kwa pweza. Maji ya bamvua yakikupwa, wachokoaji huingia mwambani wakitafuta mashimo yake kwenye madimbwi ya maji maangavu. Dimbwi lenye kina cha sentimita 40, ukilitazama kutoka juu moja kwa moja, litaonekana kama lina sentimita 30. Mwanga ukiwa hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini karibu 225,000. Miale inayotoka kwenye shimo la pweza ikivuka uso wa maji hubadili mwendo, na ikiwa imekuja mshazari inapinda, kwa sababu ile ile iliyopinda wimbi la bahari. Jicho halijui kama miale imepinda. Linaamini imenyooka, na linaliweka shimo juu ya lilipo.

Anayerusha mkuki kutoka kwenye mtumbwi lazima alenge chini ya samaki anayemwona. Lakini mchokoaji ambaye ncha ya chuma chake imeshazama majini hana haja ya kukisia: ncha nayo inaonekana imepanda, karibu sawasawa na shimo, kwa hiyo kosa moja linafuta jingine. Vitabu hupenda kuonyesha kijiti kilichovunjika ndani ya bilauri na kuishia hapo, ilhali sehemu hii ndiyo yenye faida.

Kanuni ya kupinda huko inaitwa kwa jina la Snell, Mholanzi wa 1621, ingawa Ibn Sahl wa Baghdad aliitumia katika maandishi yake ya karibu mwaka 984. Haki ingetendeka, vitabu vyetu vingemtaja yeye kwanza. Hata hivyo sababu yake iliendelea kubishaniwa. Newton aliuona mwanga kuwa punje, na kwa hesabu zake ulipaswa kwenda kasi zaidi majini. Mholanzi Huygens, katika kitabu alichokitoa 1690, aliuona kuwa wimbi linalopungua mwendo. Mwaka 1850 mwanafizikia Foucault alipima huko Ufaransa akakuta mwanga unachelewa majini. Wimbi likashinda.

Wimbi la nini, basi? Hapo ndipo umeme unapoingia. Mwaka 1856 Wajerumani Weber na Kohlrausch walilinganisha njia mbili za kupima chaji, yaani kiasi cha umeme kilichomo kwenye kitu, moja kwa nguvu ya kuvutana na kusukumana, nyingine kwa sumaku inayoletwa na mkondo wa umeme. Jaribio lao halikuhusu mwanga hata kidogo, lakini uwiano walioupata ulikuwa ni mwendo: karibu kilomita 310,000 kwa sekunde. Miaka michache baadaye mwanafizikia Maxwell wa Uskoti aliiona namba hiyo ikijitokeza kwenye hesabu zake za umeme na sumaku, akailinganisha na mwendo wa mwanga uliokwisha kupimwa, zikakaribiana mno. Akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku.

Mjerumani Hertz alilithibitisha hilo kati ya 1886 na 1888 kwa kutengeneza mawimbi ya redio kutokana na cheche. Alijenga mche wa lami ngumu, yaani bonge lenye umbo la pembetatu, wenye kimo cha mita 1.5, akayapitisha mawimbi yake humo, yakapinda kama mwanga unavyopinda kwenye kioo. Jina lake ndilo tunalolitaja tukisema umeme wa nyumbani ni wa hezi 50, yaani unajirudia mara 50 kwa sekunde, ukiwemo ule wa mitambo ya Mtwara inayochoma gesi ya Mnazi Bay.

Ukiuliza kwa nini maji yanauchelewesha mwanga, jibu linatoka hapo hapo. Wimbi la mwanga linapopita huzitikisa elektroni za molekuli za maji. Nazo zikitikisika hutoa mawimbi yao madogo, yanayobaki nyuma kidogo. Yakijumlishwa na wimbi la awali, matokeo ni wimbi linalokwenda polepole zaidi.

Bahari lakini ina chumvi, na chumvi ikiyeyuka huacha ioni zenye chaji, ziko huru kutembea. Mawimbi ya simu hujirudia polepole kuliko mwanga, mara maelfu kwa maelfu, hivyo ioni hupata muda wa kusukumwa huku na huku na kuigeuza nguvu ya wimbi kuwa joto. Ndiyo maana mzamiaji hapo Mnazi Bay anaona matumbawe vizuri kwa mwanga wa jua akiwa mita kumi chini, lakini simu aliyoifunga kwenye mfuko usiopitisha maji inapoteza mtandao ikizama sentimita chache tu.