"Zahanati haina kitu, niende kufanya nini?" Maswali na majibu kuhusu bajeti ya afya ya halmashauri na madhara ya kubaki nyumbani

Swali: Halmashauri ina fedha zake. Kwa nini iombe Serikali Kuu?

Jibu: Ina mapato ya ndani, kama ushuru wa mazao, leseni za biashara na kodi za vibanda vya soko, lakini katika halmashauri nyingi za vijijini fedha hizo haziwezi kuendesha huduma za afya. Mishahara ya watumishi, sehemu kubwa ya dawa na fedha za ujenzi hutoka Serikali Kuu, na nyongeza hutoka katika Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wahisani. Kwa hiyo halmashauri huomba, na anayeomba hana budi kuonyesha kwa nini apewe yeye.

Swali: Huomba kwa njia gani?

Jibu: Njia kuu ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao huanzia kwenye kamati ya usimamizi ya kila zahanati na kituo cha afya, ukaunganishwa wilayani, ukapita katika Baraza la Madiwani, kisha ukapitiwa mkoani, halafu na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kabla ya kuingia katika bajeti ya Serikali. Hazina huweka ukomo wa bajeti, na mahitaji yanayovuka ukomo huo huandikwa kama maombi maalumu. Siasa nayo ina nafasi yake halali: mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, hivyo hoja ya diwani wenu inaweza kusemwa bungeni Dodoma, na halmashauri kwa umoja wao husemea mambo yao kwa Serikali kupitia ALAT, yaani Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, iliyoundwa mwaka 1984.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi yake hufanyika miezi mingi kabla. Wanaokuja kunifokea kwenye dirisha la zahanati yetu mwezi Juni kuhusu dawa huwa wamechelewa. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa kupanga vipaumbele, wengi wao hawakuonekana.

Swali: Zahanati yetu haina vifaa vya kutosha. Mke wangu akisubiri nyumbani mpaka hali ibane, kosa liko wapi?

Jibu: Asisubiri. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili, na hakuna anayeweza kutabiri ni nani litamkuta. Zahanati isiyo na chumba cha upasuaji bado ina muuguzi anayejua kuchoma sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka nyingi, kupima shinikizo la damu na kuandika rufaa mapema. Usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga huombwa kwa kupiga namba 115 bila malipo, na simu hiyo hupigwa wakati mama bado anazungumza. Anayeumwa kichwa sana na kuona maruweruwe, anayetokwa na damu, aliyepasuka chupa au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni asingoje asubuhi, wala shemeji arudi shambani, wala mkunga wa jadi amalize kumkanda.

Swali: Mtu mmoja asipokuja, Dodoma itajuaje?

Jibu: Itajua kwa njia mbaya. Kila anayejifungulia kwetu huandikwa mstari wake katika kitabu namba 12 cha MTUHA, yaani mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya: umri, ujauzito wa ngapi, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, hali ya mama. Mwisho wa mwezi tunajumlisha mistari hiyo, na jumla hizo ndizo zinazosomwa na watu ambao hawatafika kijijini kwenu maisha yao yote. Fedha zinazotumwa moja kwa moja vituoni, utaratibu ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, hugawanywa kwa kuzingatia, pamoja na mambo mengine, idadi ya wanaohudumiwa. Dawa nazo tunaziagiza kwa kuangalia matumizi yaliyoandikwa. Mkibaki nyumbani kwa sababu zahanati haina kitu, kitabu husema kwamba hapa hakuna wazazi, na diwani anayesimama barazani kudai chumba cha kujifungulia huulizwa: kwa ajili ya nani?

Basi njooni. Njooni hata kama mara ya mwisho mlikosa dawa, na mkiikosa tena, hakikisheni mmeandikwa kabla ya kuondoka. Mwenye homa anayenunua dawa dukani bila kupimwa malaria hujidhuru mwenyewe, na kwenye hesabu zetu ni kama hakuugua.

Swali: Kwa nini msiandike namba kubwa tu?

Jibu: Kwa sababu wasimamizi hulinganisha ripoti na vitabu, na kwa sababu ni uongo. Wenzangu wanaoacha kujaza vitabu mpaka mwisho wa mwezi, kisha wakakumbuka kwa kukisia, nao wanaharibu vilevile.

Swali: Kwa nini muuguzi ni mmoja?

Jibu: Halmashauri huwasilisha mahitaji yake katika ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, lakini ajira za kudumu zinahitaji kibali cha Serikali Kuu. Zipo halmashauri zinazoajiri kwa mkataba kwa mapato yao ya ndani. Muulizeni diwani kama yenu imewahi kulijadili hilo.

Swali: Mke wangu ameshajifungulia nyumbani, na tunaogopa kugombezwa. Tufanyeje?

Jibu: Mleteni leo pamoja na mtoto na kadi ya kliniki. Mwaka 2015/16 wanawake waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 63 ya waliojifungua nchini, na mwaka 2022 walifika asilimia 81, kwa hiyo waliobaki nyumbani ni wengi bado na hamko peke yenu. Tutamkagua damu, kondo na shinikizo, mtoto atatazamwa kitovu na kupewa chanjo, na wote wawili wataandikwa. Akilowanisha khanga kwa damu njiani, msirudi kubadilisha nguo. Endeleeni na safari.