Redio ya umma ni nini? Tazama siku yake moja

Watu wengi wakisikia "redio ya umma" hudhani ni jina jingine la redio ya serikali. Si ajabu. Kwetu Tanzania redio ya taifa ililelewa mikononi mwa serikali, na hata leo mkurugenzi mkuu wa TBC huteuliwa na Rais. Lakini maneno haya mawili hayana maana moja, na tofauti yake inafaa kueleweka.

Redio ya umma ni kituo kisichotafuta faida, kinachomhudumia msikilizaji kama raia, na ambacho wahariri wake hawapokei amri kutoka ikulu wala kutoka kwa mfanyabiashara. Fedha zake zinaweza kutoka kwenye ada inayolipwa na kaya zinazotazama televisheni, kama ilivyo kwa BBC ya Uingereza, au kwenye michango ya wasikilizaji, au hata kwenye hazina ya serikali. Kinachoamua ni kama anayelipa anaweza kumpigia mhariri simu na kumwambia habari fulani isisomwe. Akiweza, hiyo ni redio ya mwenye fedha, hata iitwe jina gani. Redio ya jamii, kama Pangani FM mkoani Tanga, ni ndugu wa karibu: nayo haitafuti faida, ila eneo lake ni dogo na wenyeji ndio wenye nayo.

Njia nyepesi ya kuielewa redio ya umma ni kuifungulia asubuhi na kuiacha mpaka usiku. Nachukua mfano wa Marekani, kwa sababu huko siku nzima ni mazungumzo, na kwa sababu mpango wao unafanana na jambo tunalolijua. Kule kuna shirika liitwalo NPR, lililoanzishwa 1970 baada ya sheria ya utangazaji wa umma ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Novemba 1967. NPR si kituo. Ni mtengenezaji wa vipindi, na vituo vya mikoani hujiunga nalo saa fulani kisha hurudi kwenye matangazo yao, vile vile redio zetu zinavyojiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC saa ya Dira ya Dunia ikifika.

Siku huanza saa 11 alfajiri kwa saa za pwani ya mashariki, kwa Morning Edition, kipindi kilichoanza Novemba 5, 1979. Ni saa mbili za habari na mahojiano, kisha hurudiwa na kufanyiwa marekebisho, maana California iko nyuma kwa saa tatu na watu wake bado wamelala. Ufundi wake umo kwenye ratiba ya dakika. Kila saa imekatwa vipande, na kila mtangazaji nchini anajua taarifa ya habari inaanza dakika ipi na pengo la kituo cha mkoani liko wapi. Kwenye pengo hilo mtangazaji wa Boston anasoma hali ya hewa ya Boston, na wa Denver anaeleza msongamano wa magari wa Denver. Msikilizaji hasikii kiungo. Kwake ni redio moja inayomjua.

Ikifika saa 4 asubuhi, vituo vingi huweka vipindi vya maongezi. Pale New York, kituo cha WNYC kina kipindi cha Brian Lehrer, kilicho hewani tangu 1989, na wasikilizaji hupiga simu. Kupiga simu studio ni kitu tunachokijua vizuri, ila huko kabla hujaunganishwa kuna mtu anayepokea simu yako na kukuuliza: wewe ni nani, unataka kusema nini? Hakuchuji kwa chama chako. Anatazama kama una jambo la kuongeza ambalo aliyekutangulia hajalisema. Kazi hiyo haionekani, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha mjadala na kelele.

Mchana huja mahojiano marefu. Terry Gross wa kituo cha WHYY, Philadelphia, anaongoza Fresh Air tangu 1975. Mara nyingi mgeni wake yuko studio nyingine kabisa, mji mwingine, na hawaonani. Huwaambia wageni kwamba swali likiwagusa pabaya waseme tu, atahamia jingine. Matokeo yake watu humweleza mengi. Anayetaka kujifunza kuhoji asikilize jinsi anavyonyamaza.

Saa 10 jioni ni All Things Considered, kipindi cha kwanza kabisa cha kila siku cha NPR. Siku ya kwanza, Mei 3, 1971, Washington ilikuwa imejaa waandamanaji wanaopinga vita vya Vietnam, na badala ya msomaji kukaa studio na kusoma karatasi, kipindi kiliwapeleka wasikilizaji barabarani wakasikia sauti za mahali penyewe. Mtindo huo ukabaki: kama habari ni ya mkulima, utasikia jembe kwanza. Usiku wa manane vituo vingi hujiunga na BBC ya Kiingereza mpaka alfajiri, na gurudumu linaanza upya.

Katika saa zote hizo hutasikia tangazo la biashara kama tulivyolizoea. Kampuni inaweza kuchangia na kutajwa, lakini kanuni za huko zinakataza kusema bidhaa yake ni bora kuliko nyingine, kutaja bei, au kumwambia msikilizaji "nunua leo". Anatajwa jina, anaelezwa anafanya nini, basi. Pengo la fedha linalobaki hujazwa na wasikilizaji wenyewe. Mara chache kwa mwaka vipindi hukatizwa na watangazaji huomba michango siku kadhaa mfululizo. Wasikilizaji hulalamika kwamba inachosha, na bado wanatoa. Mtu anasikiliza bure mwaka mzima, hakuna wa kumkata matangazo asipolipa, na bado anatoa. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba redio ni yao.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la kigeni. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kabla ya simu za mkononi, matangazo ya vifo yalikuwa huduma ya umma kwa maana kamili. Mtu wa Kigoma alijua msiba wa Mtwara kupitia redio, akapanga safari. Redio ile ilikuwa ya serikali, ndiyo, lakini saa ile ilikuwa ya watu.

Na hata penye michango, redio ya umma inaweza kuyumba. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, na Agosti shirika lililokuwa likizigawa fedha hizo, CPB, likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. NPR yenyewe ilikuwa ikipata moja kwa moja kutoka serikalini kama asilimia moja tu ya mapato yake. Walioumia zaidi ni vituo vidogo vya mbali, visivyo na wachangiaji wengi. Kimojawapo ni KYUK cha Bethel, Alaska, kinachotangaza tangu 1971 kwa Kiingereza na kwa Kiyup'ik, lugha ya wenyeji. Vijiji vya huko havina barabara za kuviunganisha. Wakati wa baridi mto Kuskokwim ulioganda ndio barabara, na kabla ya kuupita mtu anataka kwanza kusikia, kwa lugha yake, barafu ikoje.