Mshambuliaji mwepesi kwenye Pokémon: maana yake, na kwa nini hufa mapema mikononi mwa wengi

Kwenye mapambano ya ushindani ya Pokémon, mchezo wa video ambamo viumbe hupigana kwa zamu, mshambuliaji mwepesi ni yule anayewahi kupiga, anayepiga kwa nguvu, na ambaye akipigwa yeye, pigo moja mara nyingi linatosha kumlaza. Wengi wanamjua kupitia Alakazam, aliyekuwepo tangu michezo ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1996. Kasi yake ya msingi, yaani namba ya jamii yake kabla ya kukuzwa, ni 120 na shambulio lake maalumu (la nguvu zisizo za mwili) ni 135, lakini uhai ni 55 na ulinzi ni 45. Gengar anafuata njia hiyohiyo: kasi 110, shambulio maalumu 130. Weavile anapiga kwa mwili, kwa kasi 125 na shambulio 120. Mfano uliopindukia ni Deoxys katika umbo lake la mashambulizi: mashambulizi yake yote mawili ni 180, na ulinzi wake wa kawaida na ule maalumu ni 20 tu kila mmoja.

Sisi tunaopigania huku Mtwara, kuanzia Shangani hadi Chikongola, wengi hatuna Nintendo Switch, mashine ya kuchezea michezo hii. Tunatumia Pokémon Showdown, inayofunguka bure kwenye kivinjari cha simu. Humo unaunda kikosi chako cha sita papo hapo, bila kukamata wala kulea yeyote, na unaweza kucheza hata kwa kanuni za matoleo ya zamani. Uhuru huo ni mzuri sana, ila unamfanya mgeni amchukue Alakazam siku ya kwanza kwa sababu ya zile namba kubwa, amtupe uwanjani, na amwone akianguka. Wadogo zangu wanaoanza kucheza huniuliza swali hili kuliko lingine lolote: "Kaka, mbona wangu anakufa hata hajapiga?"

Ni kwa sababu wanaichukulia kasi kama nyongeza ya shambulio, wakati kwa Pokémon wa namna hii kasi ndiyo ulinzi wenyewe. Katika kila zamu wachezaji wawili huchagua kwa siri, kisha mchezo unaangalia nani ana kasi zaidi na kumruhusu atangulie. Ukitangulia na pigo lako likamwangusha mpinzani, pigo alilokuwa amelichagua halitokei kabisa. Alakazam hana haja ya ulinzi wa 100 mbele ya mtu ambaye hatapata nafasi ya kumgusa. Lakini hapo kuna masharti mawili yanayokwenda pamoja: atangulie, na aangushe. Likikosekana moja tu, amebaki amesimama mbele ya adui akiwa na ulinzi wa 45.

Sharti la kutangulia ni la hesabu, na hesabu yake haina huruma. Katika kiwango cha 100, Alakazam aliyewekewa pointi 252 za mazoezi kwenye kasi (kiwango cha juu kwa namba moja), na tabia ya Timid inayoongeza kasi kwa asilimia 10, anafikia kasi ya 372. Gengar akiandaliwa vivyo hivyo anafikia 350. Sasa mchezaji anatamani nguvu zaidi, anambadilishia Alakazam tabia kuwa Modest, inayoongeza shambulio maalumu badala ya kasi. Shambulio maalumu linapanda kutoka 369 hadi 405, na kasi inashuka hadi 339. Kwenye orodha ya namba inaonekana biashara nzuri. Uwanjani, Gengar ambaye jana alikuwa anaanguka kabla hajapiga, leo ndiye anayetangulia. Pointi 36 za shambulio zimenunuliwa kwa kumpa mpinzani zamu. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wa Pokémon hawa hujua kwa kichwa namba za wanaokaribiana nao: Weavile 383, Jolteon 394, Dragapult 421. Wawili wakilingana kasi kabisa, mchezo unachagua kwa bahati nasibu nani aanze, na mimi sipendi kuiachia bahati nasibu mechi niliyoijenga kwa zamu kumi na tano.

Shida kubwa zaidi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowaua Alakazam wengi wa wageni, ni namna ya kumwingiza uwanjani. Kumbadilisha Pokémon kunakula zamu yako. Unapomtoa mmoja na kumleta mwingine, anayeingia ndiye anayelipokea pigo la mpinzani, na kasi yake haimsaidii kitu kwa sababu hakuingia kupiga, ameingia kupigwa. Kwa mlinzi mnene hilo si tatizo. Kwa Alakazam, kuingia ovyo mara moja ni kifo, au ni uhai uliobaki kidogo kiasi kwamba zamu inayofuata haina maana.

Kwa hiyo anaingizwa kwa njia chache, na kila moja inahitaji wenzake. Njia rahisi kuliko zote ni kumsubiri mwenzake aanguke: hapo unaleta mwingine bila kupigwa. Inauma kupoteza mmoja, lakini mara nyingi ni malipo ya haki, hasa kama aliyeanguka alikuwa amemaliza kazi yake. Njia ya pili ni kinga ya aina, kwa kuwa kila Pokémon na kila pigo lina aina yake, na zipo aina zisizodhuru nyingine. Gengar ni wa aina ya mzimu, mapigo ya kawaida na ya ngumi hayamgusi. Ukihisi mpinzani anakwenda kupiga pigo la ngumi, mwingize Gengar, pigo lipite hewani, na sasa yuko uwanjani akiwa mzima kabisa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na inaanzia kwa mtu mzito, yaani asiye na kasi. Chukua Scizor, mwenye kasi ya msingi ya 65, umpe U-turn, pigo linalomrudisha nje mpigaji mara tu baada ya kupiga. Kwa kuwa Scizor ni mzito, mpinzani anatangulia, anampiga Scizor, na Scizor anavumilia. Kisha Scizor anapiga U-turn na kutoka, Weavile anaingia. Pigo la zamu hiyo limeshatumika. Weavile amefika bila mkwaruzo. Slowbro hufanya kazi hiyohiyo kwa Teleport, pigo la kutoka na kumwachia mwenzake nafasi, katika matoleo ya Sword na Shield ya mwaka 2019, tena kwa uhakika zaidi, kwa sababu Teleport huja mwishoni mwa zamu hata kama mpinzani naye ni mzito. Wageni hufikiri U-turn inafaa kwa wenye kasi peke yao. Ni kama kwenye mpira: winga mwepesi pale uwanja wa Nangwanda Sijaona hashuki kugombea mpira na mabeki, anasubiri kiungo mwenye mwili ampokonye mtu na kumtilia pasi nyuma ya ukuta. Scizor ndiye kiungo huyo.

Ipo na ya nne, ya kubashiri: unaona mpinzani atalazimika kubadilisha, basi nawe unabadilisha zamu hiyohiyo, wote wawili mnaingiza watu wapya na hakuna anayepigwa. Ukibashiri vibaya, gharama yake unaijua.

Tuseme ameingia salama. Bado kuna watu wanaoweza kumvunjia zile hesabu zote. Wa kwanza ni wenye mapigo ya kutangulia, yaani mapigo yanayokwenda kwanza bila kujali kasi. Extreme Speed, Bullet Punch, Mach Punch na Sucker Punch ndiyo utakayoyaona zaidi. Dragonite aliyeongezewa shambulio hadi mwisho, kwa pointi na kwa tabia, anamtoa Alakazam zaidi ya theluthi mbili ya uhai kwa Extreme Speed moja, bila kifaa wala maandalizi yoyote. Akiwa amejiongezea nguvu mara moja kwa Dragon Dance, habari imekwisha. Sucker Punch ina udhaifu wake, maana inafaulu tu kama unayemlenga naye amechagua kushambulia. Ukiwa na pigo lisilo la shambulio, mpinzani atapoteza zamu yake, na hapo mchezo unakuwa wa kusomana macho. Wachezaji wengine hutandaza Psychic Terrain, ambayo tangu matoleo ya Sun na Moon inawazuia wapinzani kutumia mapigo ya kutangulia dhidi ya aliyesimama ardhini.

Wa pili ni mwenye Choice Scarf. Kitambaa hiki kinaongeza kasi mara moja na nusu na kumfunga mvaaji kwenye pigo moja hadi atoke. Garchomp wa kawaida anaishia kasi ya 333, Alakazam anamtangulia bila wasiwasi. Akikivaa anafika 499 na kumpita hata Dragapult. Hukioni mpaka kimeshakuumiza, kwa hiyo mtu mwangalifu huwa anauliza mapema katika mechi: nani upande ule anaonekana kama amevaa kitambaa? Humpimi kwa Alakazam. Unampima kwa mtu mnene, unatazama nani ametangulia, unakumbuka.

Kupooza nako kunamaliza kazi. Thunder Wave ikimpata, kasi inakatwa nusu, na zile 372 zinakuwa 186. Pokémon mwenye kasi ya msingi ya 80, ambaye hakuwekewa pointi hata moja kwenye kasi, ana 196. Anamtangulia.

Halafu yale mawe. Stealth Rock, iliyoingia na matoleo ya Diamond na Pearl mwaka 2006, hutawanya mawe upande wako, na kila anayeingia anakatwa uhai kulingana na udhaifu wake kwa aina ya mwamba. Asiye na udhaifu wala ukinzani anapoteza asilimia 12.5, Weavile mwenye barafu mwilini anapoteza 25 kila akiingia. Aingie mara tatu, amebaki na robo. Wengi humvalisha Heavy-Duty Boots, viatu vinavyomkinga na mawe hayo, kwa sababu hiyo pekee. Mawe pia yanaharibu Focus Sash, ile kanda inayomwacha mtu na pointi moja ya uhai baada ya pigo la kumuua, kwa sharti kwamba alikuwa amejaa uhai kabla ya pigo. Hapo ndipo Alakazam anapowazidi wenzake wa aina yake: ana uwezo wa siri uitwao Magic Guard, na akiwa nao haumizwi na chochote isipokuwa shambulio la moja kwa moja. Mawe hayamkati, sumu haimli, kanda yake inabaki nzima hadi zamu atakayoihitaji. Au mpe Life Orb, inayoongeza madhara ya mapigo kwa asilimia 30 na kumkata mvaaji sehemu ya kumi ya uhai kila anapopiga. Magic Guard inaifuta hiyo gharama. Ningemshauri mtu anayejifunza aanze naye huyu akiwa na kanda, maana anasamehe kosa moja. Weavile hasamehi.

Sharti la pili, la kuangusha, ni fupi kulieleza. Mpinzani akiwa na Blissey mwenye uhai wa msingi wa 255 na ulinzi maalumu wa 135, pigo la Psychic la Alakazam halitamsumbua sana. Psyshock itamsumbua, kwa sababu inatumia shambulio maalumu lakini inapimwa dhidi ya ulinzi wa kawaida, ambao kwa Blissey ni 10. Chagua mapigo kwa kuwatazama watu kama huyo. Usipopata pigo la kumvunja, kazi ya kumwondoa mpe mwingine.

Kutokana na haya yote utaona kwa nini wazoefu humweka nje hadi mechi inaelekea mwishoni. Tangu Black na White za mwaka 2010, mapambano mengi huanza kwa kuonyeshana vikosi. Tumia sekunde hizo. Kwenye sita za mwenzako tafuta watu watatu: anayemzidi wako kasi, mwenye pigo la kutangulia, na anayeweza kulivumilia pigo lake moja. Hao ndio kazi ya watano wako wengine. Si lazima wote wafe. Anayevumilia akipunguzwa hadi nusu, tayari hawezi tena kuvumilia. Wakishashughulikiwa, mwingize, naye atawalaza waliobaki mmoja baada ya mwingine, kila zamu akitangulia. Nimeona mechi za wawili dhidi ya wanne zikigeuzwa hivyo, kwa sababu hao wanne walikuwa wamejeruhiwa na hakuna aliyekuwa na kasi.

Kwenye mashindano rasmi mambo yanabadilika, kwa sababu wanapigana wawili kwa wawili, kila mchezaji akichagua wanne kati ya sita, katika kiwango cha 50. Sasa kuna maadui wawili wa kumpiga kwa zamu moja. Kuna Fake Out inayomfanya ashtuke na kupoteza zamu. Kuna Tailwind inayozidisha kasi ya kikosi kizima mara mbili kwa zamu nne, na Trick Room inayogeuza mpangilio kwa zamu tano ili mzito atangulie. Lakini kuna pia msaada ambao mmoja kwa mmoja hauna: mwenza aliyesimama pembeni. Mwaka 2014 Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia mjini Washington akiwa na Pachirisu, kiumbe mdogo mwenye shambulio la msingi la 45 ambaye karibu hakuna aliyekuwa akimtumia kwa mashindano. Pachirisu alipiga Follow Me, mapigo ya wapinzani yakamwendea yeye, na jirani yake akabaki huru kushambulia.