Je, wajua kwa nini wadakaji wa besiboli hugeuka makocha?

Bruce Bochy alicheza misimu 9 katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, kati ya 1978 na 1987. Kwa misimu yote hiyo aliingia uwanjani katika mechi 358 tu, ilhali timu moja hucheza mechi 162 kila msimu. Katika kila majaribio 100 ya kupiga, alipata pigo safi mara 24 hivi. Hiyo ni rekodi ya mchezaji wa akiba. Lakini akiwa kocha mkuu ametwaa ubingwa, yaani World Series, mara 4: 2010, 2012 na 2014 akiwa na San Francisco Giants, kisha 2023 akiwa na Texas Rangers.

Wengi tumezoea kudhani kwamba nyota wa jana ndiye kocha bora wa kesho. Tunaiamini dhana hii kwenye soka, na kwenye besiboli imewaponza wengi. Ted Williams ni miongoni mwa wapigaji wakubwa kuliko wote waliowahi kushika rungu. Mwaka 1941 wastani wake ulikuwa .406, yaani mapigo safi karibu 41 kwa kila majaribio 100, na tangu hapo hakuna aliyemaliza msimu wa ligi hiyo akiwa amefika .400. Alipopewa timu ya Washington mwaka 1969 mambo yalianza vizuri: wapigaji waliimarika, timu ikashinda mechi 86 na kupoteza 76. Kisha ikaporomoka mwaka hadi mwaka, na 1972, ikiwa tayari imehamia Texas, ilipoteza mechi 100. Williams akaondoka.

Si haki kumtupia yeye lawama zote, kwani wachezaji aliokuwa nao walikuwa wa kawaida. Ila kisa chake kinaonyesha jambo: mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Anachofanya mpigaji hodari ndani ya muda huo kimo machoni na mikononi mwake. Anaweza kukifundisha kwa sehemu tu, tena hakimwelezi namna ya kuendesha timu nzima.

Bochy alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, akiwa amevaa barakoa na kinga ya kifua. Joe Torre, aliyetwaa mataji 4 akiwa kocha wa New York Yankees, alianza akiwa mdakaji. Mike Scioscia, bingwa wa 2002 na Angels, alikuwa mdakaji. Joe Girardi, bingwa wa 2009 na Yankees, vilevile.

Mfikirie golikipa. Wenzake wengi wanatazama mbele; yeye anauona uwanja mzima, kwa hiyo ndiye anayepiga kelele za kupanga mabeki. Sasa mwongezee golikipa huyo kazi nyingine: kabla ya kila shambulizi, yeye ndiye apendekeze mpira uchezwe vipi. Huyo ndiye mdakaji. Wenzake wanane wanatazama upande wake, yeye anawatazama wote. Anaangalia miguu ya mpigaji imesimamaje, anakumbuka jaribio lake lililopita, kisha anaficha mkono katikati ya mapaja na kumwonyesha mrushaji vidole: kimoja kwa mpira wa kasi, viwili kwa mpira wa kupinda. Tangu 2022 vitufe vya kielektroniki vimeruhusiwa badala ya vidole. Siku hizi baadhi ya maamuzi hayo hutoka benchi, hivyo huenda faida hii ikapungua.

Halafu kuna suala la uchovu. Uamuzi mgumu wa kocha ni lini amtoe mrushaji, kwa sababu akishatolewa hawezi kurudi mechi hiyo. Mdakaji hulihisi jambo hilo kwenye glavu: mpira uliokuwa ukizama sasa unanyooka, na mpira ulioombwa pembeni unaangukia katikati. Amekuwa akipima hilo kwa miaka kabla hajaajiriwa kulipima. Tena anafanya kazi na kila mrushaji kikosini, mwenye hasira na mwenye woga, na kila mmoja anataka kusemeshwa kwa namna yake.

Hata hivyo, huenda wanaochaguliwa kuwa wadakaji tangu utotoni ni wale wenye utulivu na sauti ya kuongoza, na nafasi yenyewe isiwe imewaongezea mengi. Huenda pia klabu huwaajiri kwa sababu tu zinaamini wadakaji ndio makocha wazuri. Na wako waliofanikiwa bila kuchuchumaa. Tony La Russa alicheza safu ya ndani kwa wastani duni wa .199, akatwaa mataji 3: 1989, 2006 na 2011. Kinachomuunganisha na Bochy ni benchi, maana wote wawili walitazama mechi nyingi mno kuliko walizocheza.